Somo la Historia: Jina Lililoandikwa kwa Mkono Juu ya Kadi

Leo tutazungumza juu ya sahihi. Wengi wenu si zamani sana mlikuwa mkiitwa ofisini mkachovya dole gumba katika wino, mkalibandika juu ya karatasi, mkarudi nyumbani bila kujua karatasi ile ilisema nini. Sasa mnaandika majina yenu. Basi yafaa mjue kwamba ziko nchi ambako watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, husimama nje katika baridi kali, au hutoa fedha nyingi, ili wapate jina tu la mtu mwingine, lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe juu ya kipande cha karatasi ngumu kisichozidi kiganja. Na jina hilo likiisha patikana, hufuata maisha ya mwenye jina mwaka hata mwaka, mpaka azeeke.

Nchi ninayoikusudia hasa ni Kanada, na mchezo wenyewe ni mpira wa magongo. Sisi twaujua uchezwao juu ya majani. Timu ya Kenya ilipata nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mchezo huo mwaka 1971. Lakini Kanada majira ya baridi ni marefu, maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama sakafu, na watu wa huko wakajifunza kucheza juu yake. Kila upande una wachezaji sita pamoja na mlinda lango. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma chini, nao huteleza kwa mwendo ambao mtu hawezi kuupata kwa kukimbia. Hawapigi mpira wa mviringo, bali kisahani cheusi kigumu, upana wake inchi tatu na unene wake inchi moja. Kisahani hicho kikikupata usoni, utatafuta meno yako chini.

Msidhani kwamba mambo haya hayajafika kwetu. Mwaka 2005 hoteli moja ya Nairobi ilifungua kiwanja cha barafu ndani ya jengo lake, na baada ya muda vijana wakaunda timu iitwayo Kenya Ice Lions. Shida yao ilikuwa moja: hawakuwa na timu ya kushindana nayo, maana hapakuwa na nyingine jirani. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakapata wa kucheza nao, na wachezaji wawili mashuhuri mno, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, walivaa jezi ya Kenya wakacheza upande wao.

Sasa turudi kwenye kadi. Kadi hizi zilianza katika pakiti za sigara. Pakiti za zamani zilikuwa laini, na kipande cha karatasi ngumu kilitiwa ndani ili sigara zisivunjike. Wenye viwanda wakaona kwamba karatasi hiyo ikichorwa picha, mnunuzi atarudi kutafuta picha nyingine. Katika msimu wa 1910 na 1911 kampuni ya Imperial Tobacco ya Kanada ikatoa kadi 36 za wachezaji wa magongo, na msimu uliofuata ikatoa 45. Baba alivuta sigara, na mtoto akachukua kadi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nasi tusiisifu sana asili hiyo.

Katika zile kadi 45 mlikuwamo mlinda lango wa Montreal, Georges Vézina, kijana wa Chicoutimi, katika jimbo la Quebec. Alianza kuichezea Montreal mwaka 1910, na kwa miaka kumi na mitano hakukosa mchezo. Tarehe 28 Novemba 1925 aliingia uwanjani akiwa na homa kali, akashindwa kuendelea, akatolewa. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Alikufa Machi 1926, naye hakufika miaka arobaini. Siku zake watu hawakuwa na desturi kubwa ya kuomba sahihi za wachezaji, na yeye hakuishi hata desturi hiyo ilipoenea. Kwa hiyo maandishi ya mkono wake ni adimu kabisa.

Baada ya tumbaku ikaja shira. Mwaka 1934 kiwanda cha wanga huko Port Credit, karibu na Toronto, kilianza kutoa picha za wachezaji kwa kila aliyenunua shira yake ya mahindi iitwayo Bee Hive. Mtoto alikata kipande cha karatasi kwenye chombo cha shira, akakitia katika bahasha pamoja na jina la mchezaji amtakaye, akakipeleka posta, kisha akangoja. Picha ililetwa nyumbani kwa jina lake. Mpango huu uliendelea hata mwaka 1967. Fikirini ni watoto wangapi katika mashamba ya mbali, kwenye theluji, walioandika barua yao ya kwanza kwa ajili ya shira ile! Mimi nikiwa mtu wa elimu nasema kiwanda kile kilifundisha kuandika anwani kuliko shule nyingi.

Mwaka 1951 kampuni ya Parkhurst ya Toronto ilianza kutoa kadi ndogo za rangi. Ligi kubwa wakati huo ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Boston, New York, Detroit na Chicago. Wachezaji walikuwa wachache, na kila mtoto aliwajua wote kwa sura. Katika toleo la mwaka uliofuata, kampuni ilichapisha juu ya kila kadi mfano wa sahihi ya mchezaji. Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo wengi hukosea. Sahihi iliyochapishwa na mtambo si sahihi. Ni picha ya sahihi. Kalamu haikuigusa kadi ile, na kadi elfu zilitoka kiwandani zikiwa na alama ile ile, kila mkunjo mahali pale pale. Sahihi ya kweli huacha wino juu ya karatasi, nayo haifanani kabisa na ya jana, kwa kuwa mkono wa mtu si mtambo.

Katika kadi za kwanza za Parkhurst iko moja ambayo kila mkusanyaji huijua. Yaonyesha bao la Bill Barilko, mlinzi wa Toronto. Tarehe 21 Aprili 1951, katika dakika za nyongeza, Barilko alipiga kisahani akaanguka kifudifudi, na bao lile likaipa Toronto Kombe la Stanley. Alikuwa na umri wa miaka 24. Mwezi wa Agosti mwaka ule alikwenda kuvua samaki kaskazini kwa ndege ndogo pamoja na rafiki yake aliyekuwa rubani. Hawakurudi. Walitafutwa siku nyingi, hawakuonekana. Kadi ikatolewa katika msimu uliofuata, mwenyewe akiwa amekwisha potea. Toronto haikupata kombe tena mpaka Aprili 1962, na mwezi wa Juni mwaka huo huo mabaki ya ndege na ya watu wake yakaonekana msituni. Kwa hiyo mtu akikuletea kadi ya bao lile yenye sahihi ya Barilko kwa wino, huna haja ya kumwita mtaalamu. Hesabu tarehe tu.

Labda mtauliza, watu hupataje sahihi hizi? Njia za kale ni mbili. Ya kwanza ni kungoja mlangoni. Mchezo ukiisha, wachezaji hutoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye basi, na hapo watoto na watu wazima husimama na kadi na kalamu. Ya pili ni posta. Unaandika barua fupi yenye adabu, unatia kadi ndani, unatia na bahasha ya pili yenye anwani yako na stempu ili mchezaji asitumie fedha yake, kisha unasubiri. Wengine hujibu baada ya juma moja, wengine baada ya mwaka, wengine hawajibu kabisa na kadi yako imekwenda. Mkusanyaji hodari hatumi kadi asiyoweza kuvumilia kuikosa.

Jean Béliveau wa Montreal, aliyecheza hata mwaka 1971 na kutwaa Kombe la Stanley mara kumi, alisifiwa kwa mwandiko wake. Kila herufi ya jina lake yasomeka. Alikufa mwaka 2014, na kadi zenye jina lake zimo katika nyumba nyingi za Quebec. Ukizilinganisha na sahihi za vijana wengi wa leo, utaona herufi moja, mstari kama mnyoo, na namba ya jezi. Wanatia sahihi elfu kwa siku moja, nawaelewa. Hata hivyo napenda ya Béliveau.

Sasa nataka tukae kidogo juu ya mtu mmoja, kwa sababu kadi zake zinafundisha jinsi ya kusoma historia. Jina lake ni Ted Lindsay. Tangu mwaka 1944 alichezea Detroit. Ukipanga kadi zake kwa miaka, unamwona katika jezi nyekundu ya Detroit, na Detroit tena; halafu ghafla amevaa jezi ya Chicago. Kadi haisemi sababu. Mtoto aliyeikusanya angeweza kudhani kwamba mchezaji alizeeka, au alishuka kiwango. La. Msimu wa 1956 na 1957 ndio aliopata alama nyingi kuliko misimu yake yote.

Sababu ilikuwa hii. Kila mchezaji alitoa dola 900 kwa mwaka katika mfuko wa malipo ya uzeeni, na wachezaji walipouliza fedha zile zimewekwa wapi na zimezaa kiasi gani, hawakuonyeshwa daftari. Mikataba ilitiwa sahihi bila wakili. Mchezaji kijana aliingia ofisini peke yake, mbele ya meneja, akaambiwa andika jina lako hapa. Angalieni basi: jina lile lile ambalo mtoto alilithamini juu ya kadi, ofisini lilikuwa kamba ya kumfungia mwenyewe. Mwezi wa Februari 1957 Lindsay, pamoja na Doug Harvey wa Montreal na wengine, walitangaza chama cha wachezaji. Kabla msimu uliofuata haujaanza, Detroit ikampeleka Chicago. Wachezaji wa Detroit wenyewe wakajitoa chamani mwezi wa Novemba, na mwanzo wa mwaka 1958 mambo yakamalizwa nje ya mahakama. Chama kikafa. Yalibaki mapato machache, kama vile mshahara usiopungua dola 7,000 kwa mwaka.

Chama kingine kilisimama mwaka 1967. Na zile fedha za uzeeni? Wazee waliokwisha acha kucheza, Gordie Howe akiwa mmoja wao, walikwenda mahakamani, na mwaka 1992 mahakama ya Ontario ikaamua kwamba ziada ya mfuko ule ilikuwa haki ya wachezaji. Miaka thelathini na mitano ilikuwa imepita tangu Lindsay aombe kuona daftari. Alipochaguliwa kuingia katika jumba la heshima la mchezo huo mwaka 1966, alikataa kwenda karamuni kwa kuwa wake na watoto hawakuruhusiwa. Mtu wa namna hiyo. Tangu mwaka 2010 tuzo ambayo wachezaji humpa mwenzao waliyemwona bora huitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 2019.

Huyo Gordie Howe naye kadi zake ni ndefu kama treni. Ya kwanza ni ya 1951, akiwa Detroit. Aliacha kucheza mwaka 1971. Mwaka 1973 akarudi uwanjani katika timu ya Houston, si peke yake, bali pamoja na wanawe wawili, Mark na Marty. Alicheza msimu wake wa mwisho katika ligi kubwa mwaka 1979 na 1980, naye amepita miaka hamsini, mjukuu anamngoja nyumbani.

Msimu huo huo ndio wa kwanza katika ligi hiyo kwa kijana aliyekuwa akimpenda Howe tangu utotoni, Wayne Gretzky. Kampuni ya O-Pee-Chee, ya mji wa London katika Ontario, iliyouza chingamu na pipi, ilitoa kadi yake ya kwanza. Ukingo wake ni wa buluu, na buluu ile ilichubuka upesi. Watoto walizifunga kwa mpira na kuzitia mfukoni. Zilizosalia safi kabisa ni chache mno. Moja iliuzwa mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni moja, na mwaka 2021 nyingine ya namna hiyo ikauzwa kwa dola 3,750,000. Kwa shilingi za Tanzania za wakati ule ni zaidi ya bilioni nane. Nami nawaambia jambo la kuchekesha: kadi ile haina sahihi ya mkono. Wako wakaguzi na wanunuzi wanaoona wino juu ya kadi ya namna hiyo kuwa ni dosari. Gretzky mwenyewe alifunga mabao 894 hata alipoacha mwaka 1999, na watu wakadhani hesabu hiyo haitafikiwa kamwe. Tarehe 6 Aprili 2025 Mrusi Alexander Ovechkin akafunga la 895.

Bei za namna hiyo ziliamsha tamaa. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1980, viwanda vingi vilichapa kadi bila kiasi, na watu wakazihifadhi kama akiba ya kusomeshea watoto. Kitu kilichojaa kila nyumba hakina bei. Nyingi za kadi hizo leo hazinunui hata karatasi ya kuzifungia. Ndipo viwanda vikageukia sahihi. Msimu wa 1994 na 1995 yakatoka matoleo yenye kadi moja iliyotiwa sahihi katika kila pakiti. Siku hizi ziko kadi zilizotiwa sahihi na kuandikwa namba, ili mnunuzi ajue kwamba zimetolewa 999, au 99, au moja tu. Nyingine mchezaji hakuzishika: alitia sahihi vibandiko vilivyo wazi nyumbani kwake, kiwandani vikabandikwa juu ya kadi. Wino ni wake, kadi hakuiona. Wakusanyaji hubishana sana juu ya jambo hilo, na wengi hulipa zaidi kwa kadi iliyopita chini ya kalamu.

Waghushi nao hawakulala. Polisi wa upelelezi wa Marekani, katika miaka ya mwisho ya 1990, walivunja makundi yaliyoandika majina ya wachezaji kwa wingi na kuuza pamoja na hati za uongo za kuthibitisha. Hati nayo ni karatasi tu. Mwenye busara huuliza: nani alimwona mchezaji akiandika, lini, na wapi?

Wengine hununua sahihi ya kijana kabla hajawa kitu, wakitumaini atakuwa mkubwa. Mwaka 1993 Ottawa ilimchagua Alexandre Daigle mbele ya vijana wote, ikampa mkataba wa mamilioni, na kadi zake zikagombewa. Alicheza michezo 616, akafunga mabao 129. Si haba, lakini si alichotabiriwa. Mwaka 1994 timu hiyo hiyo ikamchukua kijana wa Sweden baada ya wengine 132 kuchaguliwa. Hakuna aliyegombea kadi zake. Huyo ni Daniel Alfredsson, aliyekuja kuwa nahodha wa Ottawa miaka mingi na kuingia jumba la heshima mwaka 2022.

Nimemwacha mmoja makusudi. Willie O'Ree alizaliwa mwaka 1935 Fredericton, New Brunswick. Akiwa bado katika ligi ndogo kisahani kilimpiga jicho la kulia, likapofuka karibu kabisa. Akaficha jambo hilo, maana angeambiwa aache. Tarehe 18 Januari 1958 aliingia uwanjani Montreal katika jezi ya Boston, akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kubwa. Mwaka 1961, mjini Chicago, mpinzani alimtukana rangi yake na kumpiga kwa mpini wa gongo, akamvunja meno. Jumla alicheza michezo 45 tu katika ligi ile, mabao 4. Mtu akisoma takwimu hizo peke yake mgongoni mwa kadi angeiweka kando. Lakini alikwenda magharibi, Los Angeles na San Diego, akaendelea kucheza kwa jicho moja hata mwaka 1979, umri wake miaka 43. Kadi nyingi zenye sahihi yake zilichapishwa muda mrefu baada ya yeye kuvua viatu vya barafu, watu walipoanza kuuliza habari zake. Mwaka 2018 aliingia jumba la heshima, na tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 baada ya siku ile, Boston iliinua namba yake, 22, juu ya uwanja wake ili asiivae mwingine.

Kazi ya juma hili. Kateni karatasi ngumu, upana inchi mbili na nusu, urefu inchi tatu na nusu. Ndicho kipimo cha kadi siku hizi. Upande mmoja andika jina lako kamili kwa kalamu ya wino, si kwa risasi, kama uliandikavyo ofisini. Upande wa pili panga miaka, na mbele ya kila mwaka mahali ulipofanya kazi na kazi yenyewe. Aliyebadilisha kazi aandike na sababu kwa mstari mmoja. Mwalimu wa darasa atazikusanya Ijumaa.